Sura ya Sita: Nimeshamaliza Chuo, Mbona Bado Mnaniita?

Swali hili nimeulizwa ndani ya matatu kati ya Kericho na Litein. Nimeulizwa matangani. Safari ya mwisho aliyeniuliza ni binamu yangu, mwalimu wa sekondari huko Bureti, akiwa amenishikia simu karibu na pua. "Ndugu yangu, hebu soma hii." Ulikuwa ujumbe kutoka kundi la WhatsApp la watu aliosoma nao: chama cha wahitimu kinaomba kila mwanachama alipe ada ya mwaka. "Nilisoma, karo nikalipa. HELB wananikata mpaka leo. Sasa chuo kinanidai nini tena?"

HELB, kwa msomaji ambaye hajawahi kukopa, ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo unaanza kurejesha mkopo kwa riba ya asilimia 4, na ukikwepa, faini ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Mwalimu anayelea watoto watatu kwa mshahara uliokwisha kukatwa ana haki ya kununa akiona ombi jingine.

Siku ile nilimjibu ovyo, nikabadilisha mazungumzo. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyopaswa kumwambia, na nitajaribu kutompaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maana baadhi ya malalamiko yake ni ya kweli.

Mhitimu ni nani, na wa wapi?

Mhitimu ni mtu aliyemaliza masomo yake chuoni na kutunukiwa shahada, stashahada au cheti. Mitaani Kenya tunasema "alumnai". Chama cha wahitimu ni mkusanyiko wao wenye katiba, viongozi na akaunti ya benki. Kwa majirani zetu wa Tanzania, vyuo vikuu kadhaa vina Baraza la Masajili, yaani baraza la wale ambao majina yao yamo katika daftari la chuo. Kwetu mara nyingi ni hiari: unajiandikisha, unalipa, na usipojiandikisha hakuna atakayekufuata nyumbani.

Kwenye nchi ya chai jambo hili lina kifundo. Chuo Kikuu cha Kabianga, kule Belgut, kilianza kama kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi, kikawa chuo kishiriki mwaka 2009, na kikapata hati yake Machi 2013. Chuo kishiriki hujiendesha chenyewe kwa mambo mengi, lakini shahada zake hutolewa na chuo mama. Sasa mchukue mtu aliyelala Kabianga, akala mesi ya Kabianga, akapigwa na mvua ya mawe ya Kabianga miaka yake yote ya masomo, halafu shahada yake ikaandikwa Moi. Huyo ni mhitimu wa wapi? Bomet nako wamerithi fumbo hilohilo: Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kilianzishwa mwaka 2017 chini ya Moi, na wanaosoma chini ya mpango huo hutunukiwa shahada za Moi.

Nimeona watu wazima wakibishana kuhusu hili hadi chai ikapoa. Mimi nasema chama kiwapokee wote na kisiulize karatasi inasemaje. Mwanafunzi anayetafuta mtu wa kumshika mkono hatauliza muhuri ulio kwenye cheti chako.

Kwetu wazo hili si geni

Kabla shule yoyote haijajengwa kwenye vilima hivi, Wakipsigis walikuwa na *ibinda*, yaani rika. Vijana waliotiwa jandoni katika kipindi kimoja walipewa jina moja: Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach, Nyongi na mengineyo. Majina huzunguka kama gurudumu, hata lile la babu likaja kurudi kwa vitukuu. Mtu wa ibinda yako akifika kwako usiku, humuulizi ametoka wapi. Anakula, analala. Undugu wa rika ulikuwa mzito kiasi kwamba mwanamume hakuruhusiwa kumwoa binti wa mwenzake wa rika, kwa sababu huyo ni kama bintiye mwenyewe.

Huko jandoni alikuwapo pia *motiriot*, mtu aliyekwisha kupita njia hiyo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafunza na kuwalinda wanaoingia. Hakuwa na mshahara. Uhusiano wake na vijana wale haukuisha siku walipotoka. Walimheshimu mpaka anazikwa.

Ukitaka kumweleza mzee wa Sotik maana ya chama cha wahitimu, usianze na katiba. Mwambie ni ibinda ya watu waliosoma pamoja, na kwamba wanatafuta motirenik (motiriot wakiwa wengi) wa wadogo zao. Ataelewa kabla hujamaliza sentensi. (Tofauti moja tuiseme waziwazi: ibinda inavyosimuliwa ni habari za wanaume kwanza. Nimehudhuria mikutano ya wahitimu ambamo wanawake waliachiwa kuandika kumbukumbu na kuagiza chai. Hiyo sehemu ya mila hatuihitaji.)

Wazungu nao walifika hapo kwa njia yao. Mwaka 1821, chuo kidogo cha Williams, huko Massachusetts nchini Marekani, kilikuwa hatarini kufungwa. Mkuu wake alifunga virago na kuondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine, Amherst. Wahitimu wakaogopa kwamba mahali walipolelewa patageuka malisho, wakakutana, wakaunda chama. Chama hicho kipo hadi leo, na chuo pia.

Mlango unatangulia pochi

Watu wengi wakisikia "chama cha wahitimu" husikia pesa. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, pesa huja baadaye. Kinachomkosesha usingizi ni atachimenti.

Atachimenti ni mafunzo ya kazini: mwanafunzi huenda kukaa wiki kadhaa kiwandani, benki, hospitalini au ofisi ya kaunti, afanye kazi halisi chini ya msimamizi, kisha apewe alama. Bila hiyo, kozi nyingi hazimalizwi. Chuo kinakupa barua, unatafuta bima, unabeba kitabu cha kuandika kazi za kila siku, ambacho wanafunzi hukiita logibuku, halafu unaambiwa: nenda katafute mahali.

Binti wa jirani yangu alikwenda kutafuta. Mimi nilimsindikiza, kwa sababu mama yake alikuwa na zamu ya kuchuma. Ungedhani kwetu ndiyo rahisi kuliko kote: viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA, shirika linalosimamia chai ya wakulima, vimetapakaa kila upande, Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros, mbali na vile vya makampuni makubwa. Tulizunguka kwa bodaboda siku nzima. Katika lango la kwanza bawabu alipokea barua na kuitia kwenye sanduku la kadibodi ambalo awali lilikuwa la sabuni. Nilichungulia. Barua zilikuwa zimefika nusu ya sanduku, na za chini zilikuwa zimeanza kujikunja kwa unyevu. La pili likawa hivyo hivyo. Sitavitaja viwanda hivyo, kwa kuwa havina kosa la pekee yao; kila mahali pana sanduku kama lile.

Usiku ule nikampigia rafiki yangu, naye akampigia mtu aliyesoma chuo kimoja na binti yule, miaka kadhaa mbele yake, na ambaye sasa anasimamia uzalishaji katika kiwanda fulani. "Mwambie aje Jumatatu saa moja asubuhi. Aje na gambuti."

Binti yule alinisimulia baadaye. Juu, kwenye sakafu ya kunyausha, majani mabichi yametandazwa juu ya wavu na feni zinayapuliza kwa chini mpaka yanakuwa laini kama kitambaa. Kisha mashine zinayakatakata. Kisha yanaachwa yachachuke, na hapo rangi inatoka kijani kuelekea shaba, na harufu inageuka kutoka majani yaliyofyekwa hadi kitu kinachokaribia tunda lililoiva. Yule msimamizi alichota konzi moja, akaisogeza puani, akampa naye. "Bado au tayari?" Akasema tayari. "Bado. Nusa tena." Walifanya hivyo kila siku kwa wiki mbili. Wiki ya tatu akaacha kukosea. Ilimchukua pia muda kuamini kwamba kilo nne na zaidi za majani ambayo mama yake hubeba mgongoni hutoa kilo moja tu ya chai kavu.

Yule msimamizi hakutoa hata shilingi. Alitoa Jumatatu moja, na pua yake.

Kwa ufupi, haya ndiyo mambo ambayo mhitimu anaweza kuyafanya bila kugusa mfuko:

- kuitoa barua kwenye sanduku na kuipeleka mezani kwa mhusika;
- kusoma wasifu wa mwanafunzi, yaani ile karatasi ya kuombea kazi, na kumwambia ukweli juu yake;
- kurudi chuoni siku moja kwa mwaka na kuwaeleza wanafunzi kazi yake ilivyo, pamoja na yale yanayomchosha;
- kupokea simu.

Hilo la mwisho linaonekana dogo. Jaribu kulifanya kwa mwaka mzima.

Septemba na bonasi

Tuje kwenye pesa sasa, kwa sababu zipo mahali pake.

Mkulima mdogo wa chai hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, karani anapima, anaandika. Mwisho wa mwezi analipwa kiasi kwa kila kilo. Baki kubwa anaingoja kama bonasi, ambayo huhesabiwa baada ya mwaka wa fedha wa KTDA kufungwa Juni 30 na huingia mifukoni kama Oktoba. Ukitaka kujua lini mabati mapya yanapigiliwa Kericho na Bomet, au mahari inapelekwa, jibu ni baada ya bonasi.

Vyuo navyo hufungua milango kwa wanafunzi wapya mwishoni mwa Agosti au Septemba. Tazama hapo. Mtoto anaripoti chuoni wiki chache kabla ya pesa kubwa ya mwaka kufika nyumbani. Anahitaji sehemu ya karo inayobebwa na familia, kodi ya chumba, godoro, sufuria na chakula mpaka mkopo utoke. Tangu mwaka 2023 serikali hugawanya gharama kati ya ufadhili, mkopo na mchango wa familia kwa kuangalia uwezo wa kila nyumba, na mpango wenyewe umekuwa ukivutana mahakamani. Mzazi wa Mogogosiek hafuatilii kesi. Anajua tu kwamba kuna tarehe na kwamba hana pesa kwa tarehe hiyo, ingawa atakuwa nazo mwezi mmoja mbele.

Na hata huo mwezi mmoja mbele hauna uhakika tena. Miaka ya karibuni bonasi ya viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya mashariki, na wakulima wa Kericho na Bomet wamelalamika kwa sauti kubwa, hadi wengine wakazungumza juu ya kung'oa mimea.

Hapa ndipo chama cha wahitimu kinapoweza kufanya kazi ambayo benki haiiwezi na serikali haiioni. Pengo lenyewe ni la wiki chache tu. Shilingi elfu kumi mwezi Septemba, zikirejeshwa Novemba, zinaweza kumzuia kijana asirudi kijijini akisema "nitajaribu mwakani", na wengi waliosema hivyo hawakurudi. Mfuko mdogo wa kuvukia, wenye kanuni za kukopesha na kudai, una faida kuliko ufadhili mkubwa wa wanafunzi wawili ambao picha yao itawekwa kwenye kalenda.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Wahitimu 1,000 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, ni 100,000 kwa mwezi na 1,200,000 kwa mwaka. Kwa elfu kumi kumi, hao ni wanafunzi 120. Na kama wengi wao watarejesha, mwaka wa pili unaanza na zaidi ya ulivyoanza wa kwanza. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, kutuma shilingi 100 hakuna ugumu. Ugumu ni kuwapata hao 1,000.

"Lakini mimi nilijilipia"

Binamu yangu angenikatiza hapa. Alijilipia.

Je, kweli? Waliosoma vyuo vikuu vya Kenya kabla ya 1991 walipewa mpaka pesa ya matumizi, ile maarufu kama "bumu", na baadhi yao walinunulia wazazi ng'ombe kwa pesa hiyo. Serikali ilipoanza kugawana gharama na wanafunzi mwaka huo kulikuwa na maandamano, na bumu ikawa hadithi ya wazee. Lakini hata waliokuja baadaye, karo yao ilikuwa kipande tu cha gharama halisi. Maabara, mishahara ya wahadhiri na majengo yalilipwa na walipa kodi, akiwemo mama anayekatwa shilingi kwenye majani.

Na nyuma yao kuna kizazi kingine. Septemba 1959, ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani, kwa mpango uliosukumwa na Tom Mboya. Hadi 1963 walikuwa wameondoka mamia. Nafasi za masomo zilitoka ng'ambo, lakini sehemu nzuri ya gharama nyingine ilichangwa vijijini, katika mikutano ambamo mtu alileta kuku na mwingine akaleta senti alizofunga kwenye kitambaa. Wengi waliochanga hawakuwa wameona darasa. Hawakuwa wahitimu wa chochote.

Sisemi haya ili mtu aone haya. Nasema tu kwamba neno "nilijilipia" lina watu wengi ndani yake.

Sweta, sinendet na majina ya mabweni

Chuo kina maisha nje ya darasa, na hayo nayo hurithishwa. Makerere, iliyoanzishwa 1922, ni mwalimu mzuri wa jambo hili. Huko wanafunzi ni watu wa bweni kwanza. Wasichana wa Mary Stuart na wavulana wa Lumumba wameungana kwa jina moja, Lumbox, na kizazi baada ya kizazi hurithi urafiki huo bila kuulizwa. Bweni la Northcote lilibadilishwa jina likawa Nsibirwa, lakini wapo wazee wenye mvi wanaojiita wa Northcote hadi leo. Wakenya wengi walipitia huko, hasa kabla ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuvunjwa 1970 kila nchi ikachukua chake, na ukiwakuta wawili mezani utasikia habari za mabweni kabla ya habari za masomo.

Chuo kichanga hakina hazina hiyo. Ndiyo raha yake. Kabianga na Bomet zinatunga mila zao hivi sasa, na wanaozitunga bado wana nguvu za kucheza mpira. Nitataja mbili.

Ya kwanza ni mapokezi. Wanafunzi hupangiwa vyuo na taasisi ya serikali iitwayo KUCCPS, na kompyuta yake haiangalii hali ya hewa. Kijana wa Kilifi anajikuta Kericho, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mvua ya alasiri huja kama mtu aliyeahidi. Amebeba mashati mepesi mawili na shuka. Nilimwona mmoja wa namna hiyo kwenye kibanda cha chapati na madondo, ameshika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, anajipasha moto tu. Mhitimu aliyetoka Pwani miaka iliyopita angeweza kumwandikia ukurasa mmoja: lete sweta mbili, blanketi zito na gambuti, jibu "chamgei" ukisalimiwa "chamgei", na ukipewa mursik, yale maziwa lala ya kwenye kibuyu, usiikatae mbele ya mwenyeji, bali onja kidogo na umsifu ng'ombe. Chama kinachoandika ukurasa huo na kuutuma kabla ya siku ya kuripoti kimefanya kazi kuliko chama chenye mikutano mitano.

Ya pili ni mahafali. Sinendet ni mmea utambaao ambao Wakalenjin humvisha shingoni mtu aliyeshinda: mwanariadha anaporudi na medali, kiongozi anapoapishwa. Siku hizi wahitimu nao huvishwa, kijani cha sinendet juu ya joho jeusi, kando ya mashada ya karatasi zinazometameta yaliyonunuliwa langoni. Mama na shangazi wanaimba, matatu ya kukodi inangoja na mlango wazi, na ndani yake kuna sufuria ya wali iliyofungwa kwa leso. Hakuna aliyeandika kanuni za chuo kuhusu sinendet. Watu walikuja nayo kutoka nyumbani, na chuo kikaipokea.

Vyama vinavyokufa, na vinavyostahili kufa

Nilisema sitapaka mafuta. Miaka kadhaa nyuma nilichangia chama cha wahitimu wa chuo nilichosoma mimi, ambacho sitakitaja. Tulichangia ukarabati wa chumba cha kusomea usiku. Tulitumiwa picha ya ndoo mbili za rangi. Baada ya hapo kundi likawa kimya, kisha likaamka wakati wa kampeni, mwenyekiti akiwa amevaa kofia ya chama cha siasa. Nilijitoa usiku huo, na nilikaa muda mrefu bila kumtumia mtu yeyote chochote, hata waliostahili. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya ndoo mbili za rangi.

Kuna ugonjwa mwingine, wa karamu. Chakula cha jioni kwenye hoteli Nairobi, tiketi ya bei sawa na kodi ya chumba ya muhula mzima, hotuba saba. Wanafunzi ambao karamu inafanyika kwa jina lao wako umbali wa saa nyingi barabarani, na baadhi yao usiku huo wamekunywa chai ya rangi na kulala.

Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, uliza:

1. Je, chama kimeandikishwa kwa Msajili wa Vyama au kinatambuliwa katika kanuni za chuo? Kundi la WhatsApp peke yake halitoshi.
2. Pesa zinaingia akaunti ya chama au simu ya mtu? Kama ni simu ya mtu, hata awe shemasi, subiri.
3. Hesabu za mwaka jana ziko wapi? Ukijibiwa "zinaandaliwa", uliza za mwaka juzi.
4. Viongozi walichaguliwa lini, na wa mwisho aliyekubali kushuka ni nani?
5. Mwanafunzi mmoja anaweza kutueleza alisaidiwaje, kwa maneno yake?

Ukipata majibu ya matatu kati ya hayo, tuma. Hakuna chama chenye matano yote.

Ng'ombe wa maziwa na mche wa chai

Vyama vilivyokomaa hufika mahali pa kuunda mfuko wa kudumu. Maana yake ni hii: pesa zinawekezwa, na kinachotumika ni faida tu, mtaji hauguswi. Ni ng'ombe wa maziwa. Unakamua, humchinji. Chuo Kikuu cha Harvard kina mfuko wa namna hiyo wenye zaidi ya dola bilioni 50, kiasi ambacho kutajwa kwake katika mkutano wa Bomet kunaweza kusababisha watu waende nyumbani mapema.

Afadhali tuitazame Yale, ambako mwaka 1890 wahitimu walianza utaratibu wa kutoa kila mwaka, kila mtu kwa kadiri yake. Mkulima wa hapa analijua hilo kuliko mwekezaji. Mche wa chai ukipandwa, unakaa kama miaka mitatu bila kukulipa vizuri. Kisha unaanza, na unaweza kuchumwa mpaka na wajukuu. Lakini hauchumwi wote kwa siku moja: unachukua majani mawili na kichipukizi, unaondoka, na baada ya wiki moja au mbili unarudi kwenye kichaka kilekile. Anayechuma kwa pupa, akabeba na majani magumu, karani humrudishia kikapu.

Meza chini ya mwavuli

Katika mahafali moja niliyohudhuria, chama cha wahitimu kilikuwa kimeweka meza kando ya lango. Juu yake palikuwa na daftari la mistari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kijana mmoja ameshika mwavuli, hajikingi yeye, analikinga daftari. Mvua ilikuwa imeanza. Wengi walipita mbio na majoho yamekunjwa chini ya makwapa.

Msichana mmoja alisimama. Sinendet ilikuwa bado shingoni, inadondosha maji. Aliandika jina, kozi, namba ya simu. Mama yake alikuwa nyuma yake, ameshika viatu vya kisigino vya binti na kumwachia malapa.

"Unaandika nini tena, mama?" akamuuliza, kama mama zetu wanavyowaita mabinti zao. "Si umemaliza?"

"Nimemaliza," akasema, na akaendelea kuandika. Sehemu ya mwisho ilikuwa na swali: *Unaweza kumsaidia mwanafunzi kwa njia gani?* Alifikiri kidogo, kalamu hewani, mvua ikipiga kwenye mwavuli. Kazi hakuwa nayo bado. Aliinama, akaandika: *Nina chumba Kericho mjini. Anayekuja kutafuta atachi anaweza kulala.*

Mama akasogea kusoma. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha akamwambia kijana wa mwavuli aongeze hapo chini kwamba wageni wenyewe waje na blanketi.